Msalaba wa darubini ya bunduki: namna ya kuuchagua kwa vichaka, miombo, mbuga na miteremko ya Nyanda za Juu Kusini

Mwaka wangu wa kwanza kushika bunduki yenye darubini nilisimama Pawaga, jua limeinama, tandala dume yuko chini ya mkwaju kama mita 80 hivi, na msalaba siuoni. Tandala namwona. Pembe naziona, hata ile michirizi myeupe ya mbavuni. Zilizopotea ni nyuzi za darubini, zimemezwa na kivuli. Nikisogeza bunduki kushoto kwenye majani makavu, zinatokea. Nikirudi kwenye bega la mnyama, hazipo. Baba mkubwa niliyekuwa naye, mfuata nyayo wa tangu enzi, alinyamaza mpaka tandala akajiondokea, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hii darubini ulinunua ya kumtazama mnyama au ya kumpiga?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua kitu cha bei, chenye vinukta na vimstari vimepangwa kwenda chini kama mti wa Krismasi, kwa sababu muuzaji aliniambia kinafika mita 800. Tangu siku hiyo mpaka leo sijawahi kumpiga mnyama hata mita 300.

Dukani wanaiita retikali. Sisi porini tunasema msalaba, na ndivyo nitakavyosema hapa: zile nyuzi, nguzo na alama unazoziona ndani ya darubini ukilenga. Watu hutumia miezi kubishana kuhusu kampuni na lenzi, kisha msalaba wanaupokea wowote uliokuja na darubini. Mimi naanzia hapo, kwa sababu lenzi nzuri yenye msalaba mbaya ndiyo iliyonirudisha nyumbani mikono mitupu.

Kabla ya darubini

Silaha iwe na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mnyama awe ametajwa kwenye leseni yako ya uwindaji, kwa aina, idadi na eneo. Kuwinda usiku, kuwinda kwa taa na kupiga kutoka kwenye gari ni makosa, kwa hiyo ukiona humu nazungumzia giza, nina maana ya kivuli cha mchana na ile nusu saa ya mwisho kabla jua halijazama. Ruaha, Kitulo na Udzungwa ni hifadhi za taifa, humo haiwindwi. Sehemu kubwa ya Usangu iliingizwa Ruaha mwaka 2008, na mipaka ya upande ule imekuwa ikihama, basi usitegemee kumbukumbu za mjomba wako aliyewinda huko zamani. Pita ofisi ya wanyamapori kwanza uonyeshwe ramani.

Jambo jingine la mwanzo ni la lugha. Maelekezo mengi yanayokuja ndani ya boksi la darubini yameandikwa kwa ajili ya mnyama ambaye hatuna, yule Waingereza wanayemwita deer. Kamusi zitakuambia ni kulungu, lakini kulungu wetu ni pongo, na pongo ana pembe zenye uwazi ndani, za maisha yote, kama jamaa zake tandala na pofu. Yule wa Ulaya na Marekani huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Siyo ubishi wa majina tu. Utaona mbele kwamba vipimo vya mnyama yule vimo ndani ya misalaba inayouzwa, na ukiviamini vitakudanganya.

Hatua ya kwanza: andika umbali wako

Chukua daftari. Andika mara kumi za mwisho ulizompiga mnyama, au ulizotaka kumpiga ukaacha, na umbali wake. Kama hujui umbali, rudi uhesabu hatua, au azima kipima umbali cha leza. Watu wengi wanaosema "nilimpiga mita 300" walipiga 170. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo.

Daftari langu baada ya misimu miwili lilisema hivi: vichaka vya mtoni, mita 30 hadi 70. Miombo ya Chunya, 60 hadi 140. Uwanda wa wazi wa Pawaga, 120 hadi 220, na mara moja tu 260. Kwa mtu wa namna hii mti wa Krismasi wa mita 800 ni pambo tu. Lako linaweza kusema tofauti, lakini liseme lenyewe kabla hujafika dukani.

Hatua ya pili: jua risasi yako inashuka kiasi gani

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana alama zote za chini ya msalaba zipo kwa sababu moja, kwamba risasi hushuka. Chukua bunduki ya .30-06 yenye risasi ya uzito wa greni 180 inayotoka kama mita 820 kwa sekunde. Ukiisawazisha ipige katikati kwenye mita 100, itashuka takriban sentimita 5 kwenye 150, kama 14 kwenye 200, kama 29 kwenye 250, na karibu nusu mita kwenye 300. Ya kwako itatofautiana kidogo, soma kwenye boksi la risasi kisha uhakikishe kwa kupiga.

Sasa tazama. Ukiisawazisha bunduki hiyohiyo ipige sentimita 4 juu ya katikati kwenye mita 100, kwenye 150 itakuwa karibu sawa na katikati, na kwenye 200 itakuwa chini kwa kama sentimita 6 tu. Sehemu ya moyo na mapafu ya pongo ni kubwa kuliko hapo. Maana yake, kutoka miguuni pako mpaka mita 200 unaweka msalaba katikati ya kifua nyuma ya mguu wa mbele na unavuta, bila hesabu yoyote. Kama daftari lako halivuki mita 200, huhitaji alama hata moja ya chini. Unahitaji msalaba unaoonekana.

Kama daftari linavuka 200 mara kwa mara, na mikono yako inastahili umbali huo, basi ndipo tuzungumze alama. Na hapo usawazishe mita 100 kamili, siyo sentimita 4 juu, kwa sababu alama tutazijaribu kuanzia hapo. Chagua njia moja kati ya hizo mbili. Kuzichanganya ndiko kunakozaa wanyama waliojeruhiwa.

Hatua ya tatu: ijue misalaba yenyewe

Nyuzi mbili nyembamba zinazokatana, basi. Huu ni wa zamani na ni mzuri kwenye karatasi ya shabaha mchana. Porini hupotea. Usinunue.

Dupleksi. Nyuzi nene pembeni zote nne, zinakonda zikikaribia katikati. Leupold wa Marekani ndio waliouingiza sokoni mwaka 1962, na leo karibu kila kampuni ina wa kwake. Nyuzi nene zinavuta jicho katikati hata kama huoni vizuri, nyembamba zinakupa pa kuweka. Ningelazimishwa kubaki na msalaba mmoja kwa maisha yote ningebaki na huu, tena ule wenye nguzo nene.

Namba 4 ya Kijerumani. Nguzo tatu nene hasa, ya kushoto, ya kulia na ya chini, na juu uzi mwembamba tu. Wajerumani huvizia paa wao wadogo na nguruwe jioni, mtu amekaa juu ya kibanda cha mbao pembezoni mwa msitu, mwanga umebaki kidogo. Ndiyo shida ileile ya kivuli cha mkwaju wa Pawaga. Hata katikati ikipotea, nguzo tatu zinaonekana, na jicho lenyewe linajua katikati iko wapi.

Msalaba wa kushuka. Chini ya katikati kuna vimstari au vinukta viwili hadi vinne, kila kimoja kwa umbali fulani. Umehesabiwa kwa risasi fulani kwa kasi fulani kwenye hali ya hewa fulani. Yako si hiyo. Utakusaidia tu ukiujaribu mwenyewe, na nitaeleza namna.

Msalaba wa mili. Nukta au vimstari vilivyoachana kwa kipimo kinachojulikana. Mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, sentimita 20 kwenye 200, sentimita 30 kwenye 300. Kwa sisi tuliosoma mita huu ni rahisi. Ule mwingine wa dakika za pembe, unaoandikwa MOA, kila dakika ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, na uliwekwa hivyo kwa ajili ya watu wa yadi na inchi. Kama unanunua wa alama, nunua wa mili, na hakikisha vitufe vya kurekebisha juu ya darubini navyo vinahesabu mili. Nimeona darubini yenye alama za mili na vitufe vya MOA, na mwenye nayo akihangaika asubuhi nzima na kikokotoo cha simu.

Mti wa Krismasi ni mili iliyoongezewa matawi ya upepo. Ni wa wapiga shabaha wa mbali. Mwachie mwenye kazi hiyo.

Msalaba wenye taa. Siyo aina yake peke yake, ni nyongeza, yoyote kati ya hiyo inaweza kuwa nayo. Nitarudi kwake tukifika miombo.

Hatua ya nne: pete ya kukuza na alama, jambo lililonichekesha na kunitia aibu

Darubini inayokuza kutoka mara 3 hadi mara 9 inaweza kujengwa kwa namna mbili. Ya kwanza, ukikuza, mnyama anakua lakini msalaba unabaki ukubwa uleule. Hii ndiyo iliyojaa madukani. Ya pili, ukikuza, mnyama na msalaba vinakua pamoja. Sanduku halitakueleza vizuri. Jaribu mwenyewe dukani: zungusha pete kutoka chini mpaka juu na uangalie kama nyuzi zinanenepa.

Kwenye ile ya kwanza alama za chini ni kweli kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Ukiwa kwenye 9 alama ya mili 2 ni mili 2. Ukishusha hadi nne na nusu, alama hiyohiyo inafunika mili 4. Niliyajua haya kwa kusoma, sikuyajua kwa mikono. Siku moja tulitoka kwenye kichaka cha mtoni ambako nilikuwa nimeshusha pete hadi nne na nusu, tukatokeza uwandani, tohe dume amesimama mita 250. Nikaweka alama niliyoizoea ya 250 kwenye kifua chake, nikavuta. Vumbi likaruka ng'ambo, juu ya mgongo wake. Risasi ilipita kama sentimita 30 juu ya pale nilipotaka. Tohe akapiga mluzi wake ule wa kejeli, akaenda. Baba mkubwa alitazama pete, akatazama uso wangu, akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Basi chagua ile ya pili? Subiri. Kwenye ile ya pili, ukishusha ukuzaji uingie kichakani, msalaba nao unakonda mpaka unakuwa kama unywele. Yaani pale unapouhitaji mnene ndipo unapokonda. Na jioni ndivyo utakavyofanya, utashusha ukuzaji upate mwanga zaidi: lenzi ya milimita 40 ukigawanya kwa 9 inakupa duara la mwanga la milimita 4 na kidogo kufika jichoni, ukigawanya kwa 5 inakupa 8, zaidi ya uwezo wa mboni kupokea.

Uamuzi wangu, na wengine watanibishia: kama huvuki mita 200, chukua ile ya kawaida na msalaba usio na alama, na jambo la pete halitakugusa kamwe. Kama unavuka, na unataka alama, chukua ile inayokua pamoja lakini yenye nguzo nene sana pembeni, zinazoonekana hata ukishusha. Kama mfuko unaruhusu ile ya kawaida tu na bado unataka alama, jiwekee sharti: alama hazitumiki mpaka mkono umegusa pete na kuisukuma mpaka mwisho.

Hatua ya tano: weka msalaba kwenye ardhi yako

Vichaka vya mtoni na mabonde yenye miti mizito. Huku kuna pongo, nsya, na ngiri wanaokatiza bila taarifa. Umbali ni mfupi na mwanga ni mbaya hata saa sita mchana. Chukua ukuzaji mdogo, 1 hadi 4 au 1.5 hadi 6, na namba 4 ya Kijerumani au dupleksi nzito. Alama za chini zitakuzuia kuona matawi yaliyo mbele ya mnyama, na tawi dogo linatosha kuipotosha risasi. Ukuzaji mkubwa huku ni balaa jingine: unainua bunduki, unaona manyoya tu, hujui ni bega au paja.

Miombo. Hili ndilo pori la Chunya na la kuelekea Rungwa, na kosa la watu wengi ni kudhani miombo ni moja mwaka mzima. Julai msimu unapoanza majani bado yapo, nyasi ni ndefu na za rangi ya dhahabu, msalaba mweusi unaonekana kama wino. Moto ukishapita, ardhi inakuwa nyeusi, magogo meusi, na palahala dume aliyekomaa ni mweusi vilevile. Msalaba mweusi juu ya mnyama mweusi mbele ya ardhi nyeusi. Kisha kabla ya mvua miombo inachipua majani mekundu, na picha yote inabadilika tena.

Kwa hiyo huku taa ina maana. Nataka nukta ndogo nyekundu katikati tu, siyo msalaba mzima unaowaka kama mapambo ya harusi. Iwe na ngazi za chini kabisa zenye mwanga hafifu, kwa sababu taa kali kwenye kivuli hukupofusha, nukta inavimba na mnyama anazimika nyuma yake. Na msalaba wenyewe uweze kufanya kazi taa ikiwa imezimika: betri nyingi ni zile za duara, CR2032, na ukiwa siku mbili kutoka dukani hutaipata. Ya akiba naibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha darubini.

Dupleksi yenye nukta ya taa, ukuzaji 2 hadi 7 au 3 hadi 9, inamaliza miombo. Sina la kuongeza.

Uwanda wa wazi. Pawaga, Idodi, na mbuga za aina hiyo. Hapa alama za chini zinaanza kujilipia, na hapa ndipo hesabu ya mnyama wa Marekani inapoingia. Misalaba mingi ina maelekezo ya kupima umbali kwa mnyama mwenyewe: mwingize kati ya alama mbili, soma umbali. Mengi huchukulia kifua cha kulungu wao wa mkia mweupe, kutoka mgongoni hadi chini, ni inchi 18, kama sentimita 46. Chukua pongo mwenye kifua cha sentimita 35, yuko mita 150. Kwenye darubini atafunika mili 2.3. Maelekezo yatagawanya 46 yao na kukuambia yuko mita 200. Utainua, na utapita juu. Kwa pofu, ambaye ni ng'ombe kwa ukubwa, kosa linageuka: utadhani yuko karibu wakati yuko mbali.

Ukitaka kupima kwa mili, pima kitu unachokijua, siyo mnyama unayemdhania. Kanuni ni ukubwa wa kitu kwa mita, mara 1,000, gawanya kwa mili. Boksi la sentimita 50 likifunika mili 2 liko mita 250. Fanya zoezi hilo nyumbani, kwa ndoo na mabeseni ya watoto, darubini ikiwa mkononi peke yake, siyo juu ya bunduki. Porini kipima umbali cha leza ni cha haraka na hakina ubishi.

Miteremko. Ukisimama juu ya mteremko wa aina ya Kitonga na mnyama yuko chini bondeni, risasi itapiga juu kuliko unavyotegemea. Ukiwa bondeni na mnyama yuko juu, vilevile itapiga juu. Watu hubishia hili la pili mpaka walijaribu. Sababu ni kwamba risasi hushuka kufuatana na umbali wa usawa wa ardhi, siyo urefu wa mstari wa jicho. Kwa mwinamo wa digrii 30 zidisha kwa 0.87: mita 250 za jicho zinakuwa kama 217 za risasi. Digrii 30 ni mteremko mkali, mtu anashika majani akishuka. Kwa mita 150 usijisumbue.

Lakini mteremko una mtego mwingine unaohusu msalaba moja kwa moja. Ardhi ikiinama, jicho hutaka kuinamisha bunduki nayo, na msalaba ukilala upande, alama za chini hazielekei chini tena, zinaelekea chini na pembeni. Msalaba wenye uzi mrefu wa wima husaidia, unaulinganisha na kitu kilichosimama wima, shina la msaji au nguzo.

Na baridi. Ukilala Mufindi au Makambako mwezi Julai na bunduki nje, kisha ukaiingiza jikoni kwenye joto na mvuke, lenzi inafunikwa na ukungu, na hakuna msalaba duniani utakaouona. Iache ndani ya mkoba ipate joto taratibu. Usifute kwa pindo la shati, vumbi la barabarani linakwaruza kioo.

Hatua ya sita: jaribu dukani kama mtu mwenye wasiwasi

Muuzaji atakupeleka mlangoni utazame barabara saa sita mchana. Kila msalaba ni mzuri barabarani saa sita. Mwombe darubini peke yake na urudi ndani. Elekeza chini ya kaunta, kwenye kona nyeusi kuliko zote, na utafute msalaba. Weka jaketi jeusi kule mwisho ulitazame. Ukiweza, nenda saa 12 jioni. Huku Iringa mwezi Julai jua huzama kama saa 12 na nusu, una nusu saa ya ukweli mtupu.

Kisha funga macho, inua darubini mahali ungeinua bunduki, fumbua. Jicho lilikimbilia wapi? Kama limekwenda kwenye vinukta na kuanza kusoma, mnyama ameshaondoka. Uliza pia kama msalaba ni wa waya au umechorwa kwenye kioo. Kwa bunduki inayorudi nyuma kwa nguvu, nachagua wa kioo. Na pima nafasi kati ya jicho na darubini, isipungue sentimita 9. Nina kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi ya kulia, zawadi ya bunduki ya .375, na wanangu wanaamini ni la chui. Sijawasahihisha.

Hatua ya saba: hakikisha alama zinasema kweli

Fungia darubini kwanza iwe wima. Ning'iniza timazi ya fundi mwashi kwenye tawi, mita 30 hivi. Bunduki tupu, umehakikisha mara mbili, ipumzike juu ya mifuko ya mchanga, na uzungushe darubini mpaka uzi wa wima wa msalaba ufuate uzi wa timazi. Ndipo ukaze skrubu, kidogo huku kidogo kule, siyo upande mmoja mpaka mwisho.

Kisha chukua boksi kubwa la katoni, chora mistari ya mlalo kila sentimita 10 kwa kalamu nene, liweke mita 100 kwenye eneo la shabaha linaloruhusiwa, lenye ukingo wa udongo nyuma. Tazama tu kwanza. Alama ya mili 1 ianguke kwenye mstari wa kwanza, ya 2 kwenye wa pili. Zungusha pete uone zinavyohama. Kwa mwenye dupleksi, hili ndilo zoezi zuri kuliko yote: angalia ncha ya nguzo nene ya chini inagusa mstari wa ngapi kwenye ukuzaji wa juu. Hiyo nayo ni alama, na umeipata bure.

Ndipo upige, tatu tatu, kwa utulivu, mtutu upoe katikati. Sawazisha 100. Sogeza boksi 150, 200, na 250 kama daftari lako linafika huko. Andika risasi iliangukia wapi na alama gani ingeifikisha katikati. Kama boksi la darubini lilisema alama ya pili ni mita 300 na risasi zako zinasema 265, basi ni 265. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta ya dawa, naibandika upande wa kushoto wa kitako, mistari mitatu tu: 150, 200, 250, na mbele yake alama. Plasta haing'ai juani na inavumilia jasho.

Darubini ya bunduki haitumiki kutafutia. Kwenye miombo kuna walina asali, kwenye mbuga kuna wachungaji, na kila unachokitazama kwa darubini ya bunduki umekielekezea mtutu. Ya kutafutia ni ile ya shingoni. Msalaba unakuja mwisho, mnyama akiwa ameshajulikana ni nani, dume au jike, na nyuma yake kuna nini.

Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Pawaga ina mashimo ya kutosha kulegeza skrubu uliyoikaza mwenyewe jana yake. Mkifika kambini, kabla ya chai, omba ruhusa kwa askari wa wanyamapori mliye naye, weka boksi mita 100 na upige moja. Ikianguka pale ulipoisawazisha, mnaweza kwenda.